Boti Iliyolalia Kushoto: Uchambuzi wa Kisa cha Mwendo Mbaya katika Ghuba ya Mwanza

Chombo kinachochambuliwa hapa ni boti ya faiba yenye urefu wa mita 6.4, kitako cha umbo la V chenye mwinamo wa nyuzi 20 kwenye ubao wa nyuma, na mashine moja ya nje ya nguvu farasi 200 ya mipigo minne. Ilinunuliwa Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, ikapakiwa juu ya lori hadi Mwanza na kupewa kazi ya kupeleka wageni Kisiwa cha Saa Nane, pamoja na safari za kukodi za kwenda Nansio na visiwa vya jirani. Mnunuzi aliijaribu baharini kabla ya kulipa na akaandika vipimo vyake, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi na ambalo liliokoa sehemu kubwa ya uchunguzi: ikiwa na watu wawili na nusu tangi ya mafuta, boti ilikimbia kilomita 80 kwa saa kwenye mizunguko 5,700 kwa dakika, tena kwa mkono mmoja kwenye usukani. Mwanza, kwa mzigo uleule na propela ileile, haikuvuka kilomita 64 kwa saa, na mashine ilikomea kwenye mizunguko 5,100.

Kupungua kwa mbio lilikuwa tatizo dogo kuliko mwenendo wenyewe. Kuanzia kilomita 45 hivi kwa saa boti ililalia kushoto, na kadiri ilivyoongezewa mafuta ndivyo ilivyozidi kulala, huku pua ikishuka na kuvutwa upande huohuo, hata nahodha akalazimika kushikilia usukani kulia muda wote. Wimbi likija kwa nyuma, kama linavyokuja alasiri mtu anaporudi ghubani, pua ilizama kwenye mgongo wa wimbi la mbele na chombo kikageuka ghafla bila kuamriwa. Akijaribu kuinua pua kwa trimu, yaani kwa kuisukuma mashine iinuke kutoka kwenye ubao wa nyuma, propela ilivuta hewa na mashine ikapiga kelele kabla pua haijanyanyuka. Maelezo ya nahodha yalikuwa mafupi na sahihi: “Fundi, ukiipa moto haitaki kupanda, inataka kulala.”

Kabla ya uchunguzi huu walikwishapita mafundi wengine, na kila mmoja aliacha alama yake. Wa kwanza aliona chombo kinalalia kushoto akasema ni nguvu ya mzunguko wa propela, akaibadilisha. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu propela inayozunguka kulia, ukiitazama kutoka nyuma, husukuma mwili wa boti uzunguke kinyume chake, na upande wa kushoto ndio hushuka. Ndiyo sababu mojawapo ya kiti cha nahodha katika boti nyingi za mashine moja kuwekwa kulia. Wa pili aliipandisha mashine tundu moja kwenye ubao wa nyuma, takriban milimita 19, akitaka kupunguza ukinzani wa mguu wa mashine majini. Baadaye betri zilihamishiwa nyuma kabisa ili pua iwe nyepesi, na mwishowe viroba viwili vya mchanga vikawekwa chini ya benchi la kulia. Kila tiba ilikuwa na mantiki ikitazamwa peke yake. Zikikusanywa pamoja, zilifanya isiwezekane tena kujua ni kipi kinasababisha nini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kutafuta ubovu. Ilikuwa kuirudisha boti kwenye hali iliyojulikana: propela ya zamani ya pichi ya inchi 19 (kipimo cha hatua yake kwa mzunguko mmoja) ikarejeshwa, mashine ikashushwa tundu lake la awali, betri zikarudi mahali pake na mchanga ukatolewa. Mwenye boti hakupendezwa, kwa kuwa aliona fedha alizotumia zinafunguliwa bolti moja baada ya nyingine, lakini vipimo vya Dar es Salaam visingekuwa na thamani yoyote kama chombo kinacholinganishwa navyo si kilekile.

Aina ya mwenendo mbaya yenyewe ilishaondoa uwezekano mwingi. Boti za kasi zina tabia mbaya za aina mbili kubwa, na watu huzichanganya kwa sababu zote huitwa kuyumba. Zipo zile za kujirudiarudia: pua kupanda na kushuka kwa mpigo hata kwenye maji tulivu, ambako kwa kawaida hutokana na uzito mwingi nyuma, mashine kuinuliwa mno kwa trimu, au kitako kilichobinuka nje kuelekea nyuma, au chombo kulala kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena kwa kasi inayoongezeka, ambako huzipata boti za V kali zinapokimbia zikiwa zimebakiza kipande chembamba tu cha kitako majini, na ambako huchochewa na usukani uliolegea. Halafu ipo ya kudumu, ambapo boti huchukua mkao mmoja mbaya na kuushikilia. Chombo hiki hakikupiga mpigo wala kubadilishana mbavu. Kililala upande mmoja na kubaki hapo. Mkao wa kudumu unadai nguvu ya kudumu, na nguvu hiyo haiwezi kutoka mahali pengi: uzito uliokaa upande mmoja, mzunguko wa propela, mashine iliyofungwa kombo, au umbo la kitako.

Ukaguzi wa gatini ulikwenda haraka. Bolti nne zinazoishikilia mashine zilikuwa zimekazwa sawasawa, na ubao wa nyuma haukuonyesha nyufa kuzizunguka. Mguu wa mashine ulisimama katikati ya boti, bila kuegemea upande. Ulipotikiswa kwa mikono ulicheza kidogo tu, kiasi kisichotia wasiwasi, ingawa usukani wa haidroliki ulikuwa na hewa ndani ya mabomba; hewa ilitolewa, usukani ukawa mzito kidogo na wenye kutii zaidi, lakini kulala kushoto kulibaki vilevile. Propela haikuwa imemeguka ukingoni, magugu maji hayakuwa yamejisokota kwenye mhimili wake, na mashine yenyewe ilifungua koo lake lote la hewa leva ilipofika mwisho. Mwisho pima maji iliwekwa kwenye sakafu, kutoka ukingo hadi ukingo, boti ikielea bila mtu ndani: kiputo kilikaa katikati. Uzito basi haukuwa na hatia.

Palihitajika hesabu kidogo kabla ya kwenda majini. Pichi ya propela ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kigumu, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Mashine hii ina uwiano wa gia wa 1.86, kwa hiyo kwenye mizunguko 5,700 propela yenyewe huzunguka mara 3,065 hivi kwa dakika, na kwa pichi ya inchi 19, ambayo ni sentimita 48.26, ingepaswa kusafiri kilomita 88.7 kwa saa. Boti ilikimbia 80. Pengo hilo, ambalo ni kama asilimia 10, ni mtelezo wa kawaida kwa chombo cha namna hii. Kwenye mizunguko 5,100 hesabu inatoa kilomita 79.4, ilhali GPS ilisoma 64, na hapo mtelezo umefika asilimia 19. Propela ilikuwa ileile. Ama ilikuwa inakula maji yenye hewa, ama ilikuwa inasukuma kitu kizito kuliko kilichokuwapo Dar es Salaam, ama yote mawili.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayeleta boti kutoka pwani anapaswa kulihesabu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kiasi kwamba mashine isiyo na pampu ya kuishindilia hewa hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu zake. Mashine ya farasi 200 iliyoondoka Dar es Salaam inafika Kirumba, Mwanza, ikiwa na farasi 175 hivi, wala hakuna kilichoharibika. Tena maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia 2.5, hivyo boti huzama kidogo zaidi inapotulia, ingawa ikishapanda juu ya maji tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Baadhi ya watu waliosikia kisa hiki waliridhika na mwinuko kuwa ndio jawabu lote. Lakini kwa chombo kinachokimbia juu ya maji, upungufu wa asilimia 12 ya nguvu hupunguza mbio kwa kadiri ya asilimia 6, yaani kilomita nne au tano kutoka 80. Kilichopotea kilikuwa 16. Na hata kama hesabu ingekubali, hewa nyepesi haina upande wa kushoto wala wa kulia.

Majaribio ya majini yalifanyika asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, kwenye maji yaliyo kati ya Jiwe la Bismarck na Kisiwa cha Saa Nane, kila mwendo ukirudiwa kwa kwenda na kurudi ili upepo mdogo uliokuwapo usidanganye GPS. Nahodha alivaa jaketi la kuokolea maisha na kamba ya kuzimia mashine ilifungwa kwenye mkono wake; boti inayogeuka bila kuamriwa haichunguzwi kwa ujasiri mtupu. Kipimo cha mwinamo kiliwekwa kwenye sakafu. Kwenye kilomita 25 kwa saa boti ilikaa sawa. Kwenye 45 ililala nyuzi mbili, na kwenye 60 nyuzi sita. Ongezeko hilo lina maana. Nguvu ya maji inayoinua kitako hukua kwa mraba wa mbio, hivyo hitilafu ya umbo ambayo haionekani kwa mwendo wa pole hujitangaza mbio zinapozidi.

Hata hivyo nguvu ya mzunguko wa propela nayo huongezeka mafuta yanapoongezwa, kwa hiyo mwinamo peke yake haukutosha kuwahukumu wala kuwaachia waliomlaumu propela. Kilichotenganisha mambo hayo mawili ni jaribio rahisi ambalo halihitaji kifaa chochote. Boti ilipofika kilomita 62 na kutulia kwenye mkao wake mbaya, leva ya mafuta ilirudishwa haraka kiasi, si kwa kishindo, hadi karibu na mwisho. Nguvu ya mzunguko wa propela hufuata mafuta. Yakiondolewa, nayo huondoka papo hapo. Umbo la kitako hufuata mbio, na mbio hazifi mara moja. Kama propela ndiyo iliyoilaza boti, ingejiinua mara tu leva iliporudi. Haikujiinua. Mwinamo ulipungua kwa nyuzi moja hivi, kisha boti ikaendelea kukimbia ikiwa imelalia kushoto vilevile, mashine ikinong’ona, mpaka mbio ziliposhuka chini ya 45. Nyuzi hiyo moja ndiyo ilikuwa haki ya propela. Zilizobaki zilikuwa za kitu kingine.

Jaribio la pili lilithibitisha upande huohuo. Mtu wa kilo 80 hivi aliambiwa ahame kutoka katikati hadi ukingo wa kulia. Kwa mwendo wa pole kuhama kwake kuliilaza boti kulia kwa wazi kabisa. Kwenye kilomita 60 kulirudisha nyuzi moja na nusu tu. Ndiyo sababu viroba vya mchanga havikuwahi kuponya kitu, zaidi ya kuifanya boti ilalie kulia gatini na kushoto njiani.

Ushahidi sasa ulielekea kwenye kitako, na boti ikavutwa nchi kavu. Ikumbukwe kwamba macho hayafai kwa kazi hii. Faiba iliyopakwa rangi na kung’arishwa hukubali kuonekana imenyooka hata ikiwa imebonyea kwa unene wa kidole, na mwenye boti aliapa kwamba ameshaitazama chini mara nyingi. Kilichotumika ni rula ya alumini ya mita mbili ambayo mafundi ujenzi husawazishia lipu, baada ya kuhakikishwa kwanza kwa uzi uliokazwa kwamba yenyewe imenyooka, kwa sababu rula nyingi za saiti zimeshaangushwa. Boti iliinuliwa kwa jeki na kuegemezwa mbele na chini kabisa ya ubao wa nyuma, ili uzito wa mashine usiendelee kuupinda mwili wakati wa kupima. Rula ililazwa sambamba na mkuku (mstari wa katikati chini ya boti), ncha moja ikiwa kwenye ukingo wa ubao wa nyuma, kwanza karibu na mkuku, kisha katikati ya bawa (nusu moja ya kitako cha V), kisha karibu na kona ya ubavu, kulia na kushoto.

Tochi ya simu iliwekwa upande wa pili wa rula. Bawa la kushoto lilionyesha uzi mwembamba wa mwanga. Bawa la kulia mwanga ulipita bila kizuizi kwa zaidi ya nusu mita, na ncha ya keekee ya milimita 9 iliingia pale, sentimita 70 mbele ya ubao wa nyuma, ikasimama bila kudondoka wala kulazimishwa. Kushoto, mahali palepale, ncha ya milimita 3 ndiyo ilikuwa kubwa iliyoingia. Nahodha alichukua ncha hizo mbili, akazitazama kiganjani, akazirudia yeye mwenyewe sehemu zote kabla ya kuamini.

Ili tofauti hiyo ya milimita chache ieleweke, lazima maji yafuatwe yanavyopita. Boti ikishapanda juu ya maji haielei tena kwa uzito wa maji iliyoyasukuma kando. Inabebwa na shinikizo la maji yanayokutana na kitako kwa pembe ndogo, na sehemu ya nyuma yenye urefu wa mita moja na nusu hivi ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Kitako kikiwa kimenyooka hapo, maji huondoka kwa ukingo wa ubao wa nyuma kwa utulivu. Kikiwa kimebonyea ndani halafu kikashuka tena kuelekea ukingoni, maji hulazimika kugeuzwa chini kabla ya kuondoka, na kila maji yanaposukumwa chini, boti husukumwa juu. Sehemu ya nyuma hunyanyuliwa, na pua lazima ishuke. Kitako kirefu zaidi hulowa, ukinzani huongezeka, mizunguko hushuka, na pua iliyozama huanza kufanya kazi ya usukani ambayo hakuna aliyeipa. Na kwa kuwa mbonyeo wa kulia ulikuwa mkubwa mara tatu kuliko wa kushoto, ubavu wa kulia ulinyanyuliwa zaidi, na boti ikalalia kushoto, upande uleule ambao propela ingeilaza. Kisa hiki kilipata ugumu wake wote kutokana na sadfa hiyo. Mbonyeo ungekuwa kushoto, fundi wa kwanza asingeweza kumsingizia propela hata kidogo, na huenda rula ingetafutwa siku hiyohiyo.

Propela kuvuta hewa nako kulipata maelezo. Maji yanayoondoka yakiwa yameelekezwa chini huacha uso wa maji nyuma ya boti ukiwa chini kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo lile bamba lililo juu ya propela, ambalo kazi yake ni kuzuia hewa isishuke, hujikuta karibu na uso hata kabla trimu haijaguswa. Ukiinua mashine kidogo, bamba linatoka nje. Na yule aliyepandisha mashine milimita 19 alikuwa ameongeza shida hiyo kwenye chombo ambacho hakikuwa na akiba yoyote.

Lilibaki swali la asili ya mbonyeo, kwa sababu kuujaza bila kujua umetoka wapi ni kuualika urudi. Mwenye boti alikuwa na picha za siku ya kupakia. Boti ilikaa juu ya magogo mawili yaliyofungwa matairi chakavu, gogo la nyuma likiwa karibu sentimita 80 mbele ya ubao wa nyuma, na mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 220 ikiwa imeachwa inaning’inia nyuma yake bila egemeo. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila tuta lilikuwa likiutupa uzito huo juu na kuurudisha chini kwa nguvu kubwa kuliko zile kilo 220 za mizani. Boti ilipofika haikushushwa mara moja. Ilikaa juani juu ya magogo hayohayo wakati taratibu nyingine zikifuatwa, na faiba inayobebeshwa mzigo ikiwa na joto hujizoesha umbo jipya polepole.

Hata hivyo, gogo lilikuwa moja na boti ni moja. Kwa nini kulia kuwe milimita 9 na kushoto 3? Jibu lilipatikana ndani. Chini ya sakafu hupita mihimili ya mbao iliyofunikwa faiba, kutoka mbele hadi kwenye ubao wa nyuma, na ndiyo inayokifanya kitako kiwe kigumu. Mhimili wa kulia ulikuwa umetobolewa zamani kupitisha bomba la pampu ya kuondolea maji, na tundu halikuzibwa kwa rezini. Ulipogongwa kwa mpini wa nyundo ulitoa sauti butu. Keekee ilipoingizwa, mhimili wa kushoto ulitoa vumbi jeupe na kavu, lakini wa kulia ulitoa uji wa kahawia uliogandamana kwenye ncha, wenye harufu ya mbao iliyochacha. Mbao ilikuwa imeoza kwa urefu wa karibu mita moja kutoka kwenye tundu. Ubovu huo ulikuwapo tayari Dar es Salaam, na baharini haukujulikana kwa kuwa ganda la faiba lilikuwa bado limeshikilia umbo; lori ndilo lililolidai ganda hilo kazi ambayo lisingeiweza peke yake.

Ukarabati ulianzia ndani kwa sababu hiyo. Mashine ilishushwa, sakafu ya nyuma ikakatwa, mbao iliyooza ikaondolewa hadi kwenye mbao ngumu na faiba ikaachwa ikauke vizuri. Kisha, kabla ya kujenga chochote, kitako kilisukumwa kirudi kwenye mstari wake kwa jeki na boriti iliyonyooka iliyowekwa chini yake, na mhimili mpya ukafungwa kwa tabaka za faiba na epoksi wakati mwili ukiwa bado umeshikiliwa katika umbo sahihi. Utaratibu huu haubadiliki; anayejenga mhimili kwanza na kunyoosha baadaye ameufungia mbonyeo ndani. Jeki zilipoondolewa, kulia kulibaki milimita 2 na kushoto karibu sawa na hapo awali. Zilizobaki zilijazwa kwa nje kwa lipu nyepesi ya epoksi, zikasuguliwa kwa ubao mrefu wenye msasa mpaka rula isipitishe zaidi ya milimita moja popote katika mita moja na nusu ya mwisho, na ukingo wa chini wa ubao wa nyuma ukaachwa mkali, kwa maana ukingo uliolainishwa huyafuatisha maji juu na kuleta matatizo mengine. Juu yake ilipakwa rangi ya epoksi. Jelkoti ya kawaida ya poliesta, yaani lile tabaka la nje la boti za faiba, haishiki vizuri juu ya epoksi, na vibanzi vinavyobanduka kwenye boti nyingi zilizokarabatiwa hutokana na kulisahau hilo.

Kwa kuwa chombo hubeba abiria na mhimili wake uliguswa, mwenye boti alielekezwa aipeleke ikaguliwe na mkaguzi wa TASAC, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla haijarudi kazini, na kitanda kipya kilitengenezwa chenye egemeo chini ya ubao wa nyuma wenyewe, kwa ajili ya kila mara boti itakapopandishwa nchi kavu.

Majini, ikiwa na propela ileile ya inchi 19 na watu wawili, boti ilifika kilomita 75 kwa saa kwenye mizunguko 5,400, mtelezo ukiwa umerudi kwenye asilimia 10 na ushei. Zile kilomita tano zilizobaki ni kodi ya mwinuko, na hakuna fundi atakayezirudisha. Ila mizunguko 5,400 haiachi akiba kubwa kwa mashine ambayo mtengenezaji wake anataka ifike kati ya 5,000 na 6,000, hasa ikizingatiwa kwamba kazi halisi ya boti hii ni watu saba na mizigo yao, si watu wawili asubuhi ya majaribio. Inchi moja ya pichi hubadilisha takriban mizunguko 150 hadi 200, hivyo propela ya inchi 17 ilifungwa, na mizunguko ikapanda hadi 5,750. Mbio zilishuka kwa kilomita moja tu, na boti iliyojaa sasa hupanda juu ya maji bila kulazimisha abiria wasogee mbele. Kwa maoni yangu propela hiyo ingepaswa kufungwa tangu siku ya kwanza ilipofika Mwanza, hata kama kitako kingekuwa kizima; tatizo la yule aliyeibadilisha mwanzoni ni kwamba aliweka ya pichi kubwa zaidi, akitafuta mbio ambazo mashine haikuwa na nguvu ya kuzilipa.

Kwenye kilomita 60 mwinamo umebaki nyuzi moja kushoto, na huondoka leva inaporudishwa. Usukani sasa ulikuwa ukivuta kulia kidogo kwenye mwendo wa safari. Kile kipezi kidogo kilicho chini ya bamba, juu ya propela, kililegezwa na ncha yake ya nyuma kusogezwa kidogo kulia, upande uleule ambao usukani ulikuwa ukivutia, mpaka mkono mmoja ukatosha. Tabia moja mpya imejitokeza: ikiwa tupu na mashine ikiinuliwa mno kwa trimu, pua huanza kudunda kwa mpigo kuanzia kilomita 68. Hiyo ni kawaida ya boti ambayo pua yake imepata uhuru wa kunyanyuka, na hukoma mashine ikishushwa kidogo. Nahodha ameweka alama ya rangi kwenye geji ya trimu, mahali ambapo mdundo unaanzia.